Mbwa Aliyegeuza Uso

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba chenye mabawa na chenye kwato, akakipa kila kimoja riziki yake na hofu yake. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaziona herufi za msahafu asubuhi, na kwa kumbukumbu, hata ile inayokuja bila kubisha hodi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na wote waliomfuata kwa wema.

Juzi nilikuwa kwa binti yangu, hapahapa Garissa. Alikuwa amechinja kuku wawili kwa ajili ya wageni, akawamwagia maji ya moto ndani ya karai ili awanyonyoe. Mvuke ulipopanda, nikaketi chini ghafla. Binti yangu alidhani ni sukari, akakimbilia kuniletea maji. Haikuwa sukari. Ilikuwa ile harufu ya manyoya mabichi, nzito na yenye joto, iliyonirudisha kwenye ua wetu wa zamani, siku zile nilipokuwa naanza kung'oka meno ya mbele.

Wengi wa rika langu mnajua watu wetu walivyoingia mjini, kwa hiyo sitairefusha habari hiyo. Ukame ulikuwa umewamaliza mbuzi wetu upande wa Bura. Wachache waliosalia aliachiwa Abti, kaka wa mama yangu, naye akaenda nao mbali kutafuta majani. Sisi wengine tukaja mjini: baba yangu niliyemwita Aabo, mama yangu niliyemwita Hooyo, bibi yangu mzaa baba, Ayeeyo, na mimi. Mbwa wetu alifungwa kamba abaki na Abti. Aliitafuna, akatufikia njiani jioni, ulimi nje, akatembea nyuma yetu kama mtu aliyechelewa na hataki kuulizwa.

Jina lake lilikuwa Libah, yaani simba. Alikuwa na rangi ya mchanga, na sikio lake moja lilichanwa na fisi. Lakini fisi ni kazi ambayo kila mbwa wa zizini anaijua. Sifa ya Libah ilikuwa kazi ya mchana. Mbuzi anapozaa, kunguru hushuka na kutua karibu, wakimngoja mtoto ambaye bado hajaweza kusimama, kisha humdonoa macho. Ayeeyo ndiye aliyemfundisha Libah tangu akiwa mdogo. Alipiga ukelele mmoja mkali, mbwa akaruka, na kila alipomkamata ndege na kumleta miguuni pake alipata maziwa kutoka kwenye kibuyu cha Ayeeyo mwenyewe. Kunguru, tai, mwewe, wote kwake walikuwa kitu kimoja. Chenye mabawa kikitua karibu na watu wake kilikuwa mwizi.

Mjini hakukuwa na mbuzi wa kulinda. Aabo alipata kibarua soko la mifugo, akiwashika mbuzi wa wengine wakati wanunuzi wakiwapapasa mgongo. Alirudi jioni, shati lake likinuka mbuzi, na Libah alimlaki langoni akilinusa shati lile kuanzia ukosi hadi pindo. Mimi nami nilikuwa na akili kama ya mbwa. Niliamini mbuzi wetu wako kule sokoni wamehifadhiwa, na Aabo huenda kuwaangalia kila siku mpaka tutakapopata nafasi ya kuwaweka. Sikumuuliza kamwe. Nilikuwa naogopa jibu lisije likachelewesha kurudi kwao.

Kuku walitoka kwa jirani yetu, Mama Kasyoka, Mkamba ambaye mumewe alikuwa fundi wa kujenga. Alimwona Hooyo akikaa bila kazi, akampa matetea wachache na jogoo, akamwelekeza kwa wake za walimu na makarani waliokuwa wakinunua mayai. Kwetu siku hizo kuku hakuwa mfugo. Hatukumla, na mayai yake hatukuyaonja.

"Kwa hiyo tumefikia kuchunga ndege," Ayeeyo alisema siku walipoletwa, akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapata ukali, Libah alikuja na tetea mweupe mdomoni. Hakuwa na haraka. Alimlaza miguuni pa Ayeeyo, akaketi, akainua uso, akangoja maziwa yake. Kuku alikuwa amekufa. Nauona mpaka leo mkono wa Ayeeyo ukienda wenyewe kwenye kibuyu kilichoning'inia ukutani, kibuyu ambacho hakikuwa na kitu tangu tufike mjini, halafu ukarudi mapajani. Libah alitikisa mkia mara moja.

Siku chache baadaye alimkamata mwingine. Safari hii Hooyo aliwahi, akamchomoa mdomoni akiwa hai, shingo na mgongo vimelowa mate.

Jioni hiyo Aabo alikaa mkekani baada ya swala, akazungumza taratibu kama alivyozungumza siku zote mambo yalipokuwa mazito.

"Dini imeturuhusu mbwa wa kulinda mifugo," alimwambia mama yake. "Hapa mbuzi hatuna. Sasa huyu analinda nini?"

"Analinda ua," Ayeeyo akajibu.

"Na uani kuna nini?"

"Kuna kuku."

"Kuku anawaua yeye, Mama."

"Basi kuku ndio wawe mifugo yake. Kwani alizaliwa akiwajua mbuzi?"

"Kuku ni mifugo?"

"Kuanzia leo ni mifugo. Kama huamini, muulize mkeo unga uliokula umetoka wapi."

Hooyo alifunika mdomo kwa ushungi. Aabo hakutabasamu. "Nitampa muda," alisema. "Lakini akiua mwingine, namvusha mto namwacha ng'ambo."

Sote tulijua maana yake. Ng'ambo ya Tana mbwa asiye na mwenyewe hakudumu. Kulikuwa na fisi, kulikuwa na wenye mifugo waliotega nyama ya sumu, na kulikuwa na jua. Nilimtazama Libah aliyelala mlangoni, kichwa juu ya miguu, akiamini mambo yote ni sawa, nami nikakosa hata neno la kumwonya.

Mama Kasyoka alisikia habari zetu akiwa upande wa pili wa ugo wa miiba. Hooyo alizungumza naye kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama Kasyoka, hii mbwa nakula kuku yangu. Mzee nasema nafukuza yeye."

"Simba?" Ndivyo alivyomwita. "Usimfukuze. Mshike mdomo vizuri, mletee kuku amnuse. Mmoja mmoja, kila siku, mpaka achoke nao. Mbwa akishajua harufu ya wa nyumbani, hamgusi wa nyumbani."

"Bole bole atajua?"

"Pole pole. Ila lazima amnuse. Mbwa anajua kwa pua."

Ushauri ulikuwa mwema na Hooyo aliupokea. Mimi ndiye niliyeuharibu, kwa usafi wa nia ya kitoto. Chuoni, kwa mwalimu wa Qur'ani, tulikuwa tumetoka kufundishwa kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikafikiri juu ya yule tetea aliyetolewa mdomoni. Nikaona kwamba kuku ni chombo, kwa kuwa mayai hukaa ndani yake. Nikamchukua nyuma ya nyumba, nikaanza kumtoharisha, nikihesabu kwa sauti ili nisikosee. Maji yetu siku hizo yaliletwa na punda kutoka mtoni, na yalikuwa ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadha ya siku nzima.

Hooyo alinikuta nimefika mara ya tano. Kuku alikuwa amefumba jicho moja.

"Unafanya nini?"

"Namwosha najisi."

Hooyo alichungulia mtungi. Alishika kiuno, akatazama mbinguni. Ayeeyo alikuwa amesimama nyuma yake akiegemea fimbo. "Mwache amalize," akasema. "Amebakiza mara mbili."

"Amalize kwa maji gani?"

Kuku yule aliishi, ingawa kila aliponiona alikwenda upande mwingine. Aabo alitawadha kwa vumbi jioni ile, na hakunigombeza. Lakini Ayeeyo aliupima mtungi mtupu akaamua. Pua ya mbwa huwa mbichi wakati wote, akasema. Kama atawanusa kuku wote kila siku, zitaoshwa nguo ngapi, mikono mingapi, vyombo vingapi? Hakuwa mkali kuliko dini yenyewe. Dini ilisema osheni, na yeye alikuwa akitazama maji yaliyopo. Basi Libah hatawanusa. Atafundishwa kuwaacha tu, kutoka mbali.

Akamfundisha kama anavyofundishwa mbwa wa zizini. Alimfunga kwa kamba ya ngozi kwenye nguzo, akaketi kando yake na fimbo yake ya kuchungia. Hooyo alimwaga chenga za mahindi, kuku wakaja. Libah alipoinua shingo tu, Ayeeyo aligonga ardhi mbele ya pua yake. "Ka jeedso," alimwambia, yaani geuka, usimtazame. Akitazama tena, fimbo ilimgusa puani. Hakumpiga kwa hasira. Ayeeyo hakuwa na hasira na mnyama yeyote. Lakini asubuhi na alasiri, siku baada ya siku, fimbo ile haikuchoka.

Nilikaa nyuma yao nikishika ncha ya kamba, na ndani ya kamba nilimhisi mbwa akitetemeka. Kuku mmoja alikuwa na desturi ya kupita karibu mno, akikwaruza mchanga na kumrushia usoni. Libah alitoa sauti nyembamba ya kooni, kama mtoto anayezuia kilio, huku uso wake ukienda upande, ukirudi, ukienda tena. Nilitaka kumwambia Ayeeyo apumzike. Nilitaka kumwambia Libah avumilie. Mara kwa mara Ayeeyo alijifuta uso kwa ncha ya shuka, na mimi nilidhani ni vumbi la kuku. Leo mimi nimefika umri wake, na najua vumbi halimtoi mtu machozi wakati hakuna upepo. Alikuwa anakifuta kwa mkono wake kitu alichokiandika kwa mkono wake.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, kamba ilikuwa imefunguliwa. Libah alilala katikati ya ua, na kuku walimpanda mgongoni, wakanywa kwenye kopo lake kabla yake. Jogoo alisimama juu ya ubavu wake akawika. Mbwa hakufungua jicho. Watu wa mtaa walikuja kumtazama. Aabo naye alisimama akamtazama kwa muda, akasema alhamdulillahi, akaingia ndani. Nililala usingizi mtamu. Nilidhani yamekwisha.

Kisha matetea wawili wakaangua, na ua ukajaa vifaranga, na mwewe akatuona.

Alikuja adhuhuri, wakati watu wamejificha jua. Kwanza kivuli kilipita juu ya mchanga. Tetea akalia ule mlio wake wa kuita. Libah alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale. Nilimwona akisimama nusu, masikio juu, mwili wote ukimkumbuka mwizi wa zamani. Kisha mwewe akashuka, mabawa yakafunguka mbele yake, na Libah akageuza uso. Aligeuka kabisa, akaelekea kwenye ugo, akafumba macho. Kifaranga kilikwenda juu kikilia, na sauti ikawa ndogo, ikaisha.

Ayeeyo alitoka akapiga ule ukelele wake wa kunguru, ambao sikuwa nimeusikia tangu tulipotoka malishoni. Kule zamani Libah angeruka hata akiwa amelala. Sasa alisukuma uso wake ndani zaidi kwenye miiba, kwa sababu fimbo ilikuwa bado mkononi mwa bibi yangu, na kelele na fimbo na mabawa vilikuwa vimekuwa somo moja.

Mwewe alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Tulijaribu yote tuliyojua. Hooyo alitundika vitambaa. Mimi nilimshika Libah kichwa kwa nguo, nikamwinulia uso juu, nikamwonyesha yule ndege akizunguka angani. "Huyo ndiye mwizi," nilimwambia. "Hawa ni wetu, yule si wetu." Alitazama kando ya kidole changu. Macho yake yaliomba ruhusa ya kufumba.

"Hamkumnusisha," Mama Kasyoka alisema kwa upole, mikono juu ya ugo. "Sasa kwake wote ni ndege tu."

"Maji, mama," Hooyo akajibu. "Maji nilikuwa kidogo."

"Najua. Hata kwangu yalikuwa kidogo."

Vifaranga viliendelea kwenda kimoja kimoja, na mtu mzima alipobaki uani kuvilinda hakukuwa na wa kupeleka mayai.

Ayeeyo alimuuliza Aabo atamfanya nini mbwa. Aabo alifikiri. "Nilisema akiua," akajibu. "Hajaua. Amefanya tulilomwambia. Nitamfukuza kwa kosa gani?" Nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yangu naye hakujua la kufanya. Mpaka siku ile nilidhani watu wazima husubiri tu wakati wa kutuambia.

Mvua iliponyesha, Abti alikuja mjini na habari kwamba mbuzi waliosalia wanakaribia kuzaa, na kunguru ni wengi. Anamtaka Libah. Wote walifurahi, hata Hooyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye uani mchana kutwa na kuona. Kabla hawajaondoka nilimchukua nyuma ya nyumba na manyoya ya jogoo niliyoyakusanya. Niliyapepea mbele ya pua yake. Niliyarusha hewani. Nilimpigia ukelele wa Ayeeyo kwa sauti yangu ndogo, nikaruka mwenyewe, nikayakamata kwa meno ili aone inavyofanywa. Nilimwomba awe mbaya tena, mara moja tu, asubuhi ile tu. Libah alijilaza chini, akaniwekea mgongo, akafumba macho, akangoja nimsifu.

Niliwaambia kwamba atageuza uso. Abti alicheka, akaniwekea mkono kichwani. "Mbwa hasahau malisho, mwanangu. Akiona mbuzi tu atakumbuka." Nilimwamini kwa sababu sikuwa na kingine cha kuamini. Akamfunga kamba, wakaenda.

Walirudi pamoja kabla majani hayajakauka. Abti alikuwa amembeba Libah sehemu ya mwisho ya njia, kwa kuwa nyayo za mbwa zilikuwa zimepasuka. Alimweka chini, akanywa chai, ndipo akaeleza. Mtoto wa kwanza wa mbuzi alipozaliwa, kunguru walishuka, na Libah akawa wa kwanza kuwaona. Akageuza uso. Yule mtoto alipoteza macho yote mawili. "Niliinua fimbo," Abti alisema. "Nikamwona anavyofumba. Sikuweza. Utampigaje aliyekwisha kutii?"

Aabo alimgeukia mama yake. Usoni mwake swali lilikuwa lilelile la jioni ile ya mkekani: huyu halindi mbuzi na halindi kuku, anakaa kwetu kwa ruhusa gani?

Ayeeyo aliinuka. Alichukua kopo, akateka maji katika mtungi, yeye aliyejua kila tone lililokuwamo. "Si mlinzi tena," akasema. "Ni mwenye kiu. Na mwenye kiu hana haja ya ruhusa." Aabo aliinamisha kichwa, na jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

Libah aliishi uani mpaka alipozeeka. Mwewe alichukua alichochukua, tukabakiwa na tulichobakiwa, na kwa fadhila za Mungu hatukulala njaa. Kila asubuhi Ayeeyo alimpelekea maji bila fimbo, maana fimbo ile aliitia jikoni ikawa kuni. Kila asubuhi, alipomwona anakuja, mbwa aligeuza uso, akafumba macho, akangoja aende zake ndipo anywe. Ayeeyo alichuchumaa kando yake, magoti yakilia. "Soo jeedso, Libah," alimwambia. Geukia huku. Alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mbuzi wala kwa mtu. Alingoja kidogo. Kisha aliliacha kopo, akasimama kwa shida, akarudi ndani, na kesho yake akaja tena. Libah hakugeuka hata siku moja.

Nimewafundisha watoto Qur'ani kwa miaka mingi, na wapo walionigeuzia uso nikiwa nimekuja na maji. Namshukuru Mungu kwa kuwahi kunionyesha, nikiwa bado mdogo, kuchuchumaa na kungoja.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie wa kukuletea maji bila fimbo, akuondolee hofu ambayo sababu yake imekwisha zamani, na kama yupo aliyekugeuzia uso, akupe magoti ya kuchuchumaa kwake kesho asubuhi pia. Amina.